Mfupa Umeunga, Mkono Bado Unawaka: Namna ya Kuukabili Ugonjwa wa CRPS

Mtu anavunjika kifundo cha mkono. Anafungwa plasta ngumu, wiki sita zinapita, plasta inakatwa, na eksirei inaonyesha mfupa umeunga vizuri. Kwa hesabu ya kawaida huyo amepona. Lakini mkono umevimba, ngozi inang'aa, vidole havikunjiki, na maumivu ni makali kuliko ya siku aliyovunjika. Shuka ikimgusa anaruka. Upepo wa feni unamchoma. Akirudi kliniki anaambiwa, "Mama, picha iko sawa, jitahidi kuvumilia."

Hali hiyo ni ugonjwa unaojulikana: sindromu ya maumivu changamani ya kiungo, ambayo madaktari duniani kote huiandika kwa kifupi cha Kiingereza, CRPS. Mgonjwa wake atibiwe vipi? Majibu ni mengi: vidonge, sindano za neva, mashine inayopandikizwa karibu na uti wa mgongo, kioo kinachosimamishwa mezani, vitamini C, hata kukata mkono wenyewe. Majibu yakiwa mengi kiasi hicho, ni dalili kwamba hakuna lililothibitika barabara. Hoja ya makala haya ni kwamba tukiyapima kwa ushahidi, kwa madhara na kwa gharama, yanayobaki juu ya orodha ni yale ya bei nafuu, ambayo hospitali ya wilaya inayaweza. Tunachokosa ni kuutambua ugonjwa mapema na kumfuatilia mgonjwa baada ya plasta kukatwa.

Kila nadharia na tiba yake

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwatibu askari ambao risasi zilijeruhi mishipa yao ya fahamu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 na wenzake George Morehouse na William Keen, alieleza habari za wagonjwa ambao jeraha lilikwisha kufunga lakini kiungo kiliendelea kuwaka. Wengine hawakuachana na kitambaa kibichi, wakiulowanisha mkono mchana kutwa. Wengine walimimina maji ndani ya viatu ili msuguano wa kutembea usiwatese. Mitchell alikuwa ameona jambo ambalo lingesahaulika mara nyingi baadaye: maumivu yanaweza kubaki hata pale chanzo chake kinapopona.

Mwaka 1900, miaka mitano tu baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei, daktari wa upasuaji Paul Sudeck wa Hamburg aliona kwenye picha kwamba mifupa ya kiungo kilichougua imekonda. Yeye alihisi kwamba mwili umezidisha mwako wake wa kawaida wa kuponya jeraha. Mwaka 1916 Mfaransa René Leriche alielekeza kidole kwenye neva za simpathetiki, zile zinazoendesha jasho na upana wa mishipa ya damu bila sisi kuamua, akaanza kuzishughulikia kwa kisu. Mwaka 1946 Mmarekani James Evans aliupa ugonjwa jina lililobeba nadharia hiyo hiyo. Kwa karibu nusu karne tiba kuu ikawa kuzinyamazisha neva hizo kwa sindano ya ganzi, kwa kemikali au kwa upasuaji.

Wagonjwa wengi hawakupata nafuu ya kudumu. Ndipo mwaka 1993 wataalamu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu walipokutana Orlando, Florida, na mwaka uliofuata jina la CRPS likachapishwa. Lilichaguliwa makusudi lisitaje chanzo chochote. Ugonjwa uligawanywa katika aina mbili: ya kwanza haina jeraha la neva linalothibitika, ya pili inalo. Imani nyingine nayo ilianguka, kwamba kila mgonjwa lazima apite hatua tatu zinazofuatana mpaka kiungo kikauke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 haukuuona mpangilio huo.

Historia hii inatutaka tahadhari. Kila nadharia ilikuja na tiba yake, na tiba iliendelea kutolewa muda mrefu baada ya nadharia kutiliwa shaka. Ndiyo maana mgonjwa wa leo anaweza kuahidiwa sindano ambayo ushahidi wake ni mdogo kuliko bei yake.

Kuutambua bila mashine kubwa

CRPS haina kipimo cha damu. Eksirei na picha za nyuklia za mifupa zinaweza kuunga mkono hisia ya daktari, lakini picha safi haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Utambuzi hutegemea macho, mikono na masikio ya daktari, kwa kufuata vigezo vilivyokubaliwa katika mkutano wa Budapest mwaka 2003.

Kwanza, mgonjwa awe na maumivu yanayoendelea, yasiyolingana na jeraha lililoyaanzisha. Pili, dalili zitafutwe katika makundi manne. La kwanza ni hisia: mguso mwepesi unauma, au mchomo mdogo unauma kupita kiasi. La pili ni mishipa ya damu: kiungo kimoja kina joto, baridi au rangi tofauti na mwenzake. La tatu ni jasho na uvimbe. La nne ni mwendo na hali ya tishu: kukakamaa, kutetemeka, kukosa nguvu, au kucha, nywele na ngozi kubadilika. Mgonjwa aeleze dalili kutoka angalau makundi matatu, na daktari ajionee mwenyewe dalili za angalau makundi mawili. Tatu, pasiwe na ugonjwa mwingine unaoieleza hali hiyo vizuri zaidi.

Sharti hilo la mwisho ni zito. Plasta iliyobana, usaha ndani ya mfupa, damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, jongo, na neva iliyobanwa, vyote vinaweza kuleta uvimbe na maumivu, na baadhi huua au huacha kilema ndani ya saa au siku chache. Daktari anayeita kila mkono uliovimba CRPS ni hatari sawa na yule asiyeijua kabisa.

Kwa wagonjwa wetu kuna jambo la kuongeza. Maelezo mengi ya vitabuni yanataja ngozi iliyogeuka nyekundu au ya samawati. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Huonekana zaidi weusi uliokolea, mng'ao, au kupotea kwa mikunjo ya ngozi juu ya vifundo vya vidole. Kwa hiyo viungo viwili vilinganishwe daima. Mgonjwa aweke mikono yote mezani. Daktari apime joto kwa upande wa nyuma wa mkono wake, apitishe futi ya fundi cherehani kuzunguka vifundo vyote viwili, aangalie jasho, kisha aombe ngumi ifungwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Ugonjwa huu si wa kila siku, lakini si adimu pia. Uchunguzi wa wilaya moja ya Minnesota, Marekani, ulipata wagonjwa wapya wapatao 5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2007, ulipata takriban 26. Tofauti hiyo imetokana kwa kiasi kikubwa na namna ya kuhesabu na vigezo vilivyotumika. Kwingine tafiti zinakubaliana: wanawake huugua mara tatu hadi nne zaidi ya wanaume, mkono zaidi ya mguu, na kuvunjika mfupa ndicho kianzio kikuu. Teguko, upasuaji na kiharusi pia huweza kuuanzisha.

Je, unaweza kubashiriwa? Utafiti wa mwaka 2014 uliwafuatilia watu 1,549 waliovunjika kifundo cha mkono na kutibiwa bila upasuaji. Karibu 4 kati ya kila 100 walipata CRPS. Kilichowatofautisha zaidi kilikuwa jibu la swali moja lililoulizwa wiki ya kwanza: maumivu yako ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10? Waliojibu 5 au zaidi walistahili kuangaliwa kwa karibu. Swali hilo halihitaji bajeti, na muuguzi yeyote anaweza kuliuliza.

Kinachoharibika ndani

Maelezo ya leo hayana mkosaji mmoja. Mwanzoni, ncha za neva zilizojeruhiwa humwaga kemikali zinazopanua mishipa ya damu na kuvimbisha tishu. Ndiyo sababu wengi huanza na mkono wa moto. Neva za jasho na damu nazo hupoteza mpangilio. Uti wa mgongo na ubongo vikipokea ishara za maumivu kwa muda mrefu huongeza usikivu, hata mguso wa kanga ukasomeka kama jeraha. Ramani ya mkono ndani ya ubongo nayo hubadilika. Baadhi ya wagonjwa huuona mkono wao mkubwa kuliko ulivyo, au huuhisi si wao, au huchelewa kutambua kama picha waliyoonyeshwa ni ya mkono wa kulia au wa kushoto.

Kisha kuna kutotumika. Watafiti waliwafunga plasta watu wazima wasio na jeraha lolote kwa wiki nne. Walipoifungua, mikono hiyo mizima ilikuwa na usikivu uliozidi na tofauti za joto zinazofanana na za CRPS, ingawa kwao zilipita. Hapa ndipo penye mgongano ambao kila daktari wa mifupa hukutana nao: utulivu unaouwezesha mfupa kuunga ndio unaokidhoofisha kiungo. Muda wa plasta una kazi yake, lakini kuurefusha kwa sababu mgonjwa anaumwa ni kuupalilia ugonjwa.

Na mgonjwa hajifanyi. Tafiti hazijapata tabia maalumu ya mtu inayozaa CRPS. Zilichokiona ni kwamba hofu ya kuutumia mkono, wasiwasi na huzuni hufanya nafuu ichelewe.

Nguzo nne

Mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha Uingereza, uliotolewa mwaka 2012 na kuhuishwa mwaka 2018, unaweka tiba juu ya nguzo nne: elimu kwa mgonjwa, kupunguza maumivu, mazoezi ya kukirudishia kiungo kazi yake, na msaada wa kisaikolojia. Zote huanza pamoja. Hakuna inayongoja nyingine ishindwe.

Elimu hudharauliwa kwa sababu haina risiti ya famasia, ilhali ndiyo inayozifungulia njia nyingine. Mgonjwa anayeamini kwamba kila maumivu ni mfupa unaovunjika upya hatausogeza mkono hata apewe dawa gani. Anahitaji kuelezwa kwamba mfumo wake wa tahadhari umekuwa kama mlinzi wa usiku anayeendelea kupuliza filimbi asubuhi watu wakienda sokoni: filimbi ni ya kweli, mwizi hayupo. Aelezwe pia kwamba wengi hupata nafuu, hasa ndani ya mwaka wa kwanza, ingawa baadhi hubaki na maumivu au ukakamavu wa miaka. Ahadi ya kupona kabisa ikivunjika, mgonjwa humwacha daktari na mazoezi kwa pamoja.

Mazoezi ndiyo moyo wa tiba. Hatua ya kwanza ni kuizoesha ngozi mguso. Mgonjwa hujipapasa kwa pamba, kisha kwa kanga iliyofuliwa ikalainika, kisha kwa taulo, kwa dakika chache mara kadhaa kwa siku. Baadaye huuzamisha mkono kwenye bakuli la mchele, halafu la maharage, akivichezesha vidole humo ndani. Maji ya uvuguvugu husaidia kulegeza. Barafu wataalamu wengi huikataza. Hatua inayofuata ni kukipa kiungo mzigo. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani, Watson na Carlson, walieleza mpango wa kazi mbili tu: kusugua sakafu kwa brashi huku mgonjwa akiuegemea mkono, na kutembea amebeba mfuko wenye uzito unaoongezwa taratibu. Vifaa hivyo vipo katika nyumba yoyote ya Temeke au Kisumu.

Kwa mkono usioguswa kabisa, njia hupitia ubongoni. Candida McCabe na wenzake wa Bath, Uingereza, waliripoti mwaka 2003 matumizi ya kioo: kinasimamishwa katikati, mkono mgonjwa unafichwa nyuma yake, na mgonjwa anauchezesha mzima huku akitazama taswira inayoonekana kama mkono wake mgonjwa unatembea bila maumivu. Waliougua kwa wiki chache walipata nafuu. Waliougua kwa zaidi ya miaka miwili hawakupata. Mwaka uliofuata Lorimer Moseley wa Australia alipanga hatua tatu za wiki mbili mbili: kwanza kutambua picha za mikono ya kulia na kushoto, pili kuwaza mkono ukisogea bila kuusogeza, tatu kioo. Wagonjwa wake 13 wa muda mrefu walionyesha maendeleo.

Wagonjwa 13 ni wachache, na vituo viwili vya Uingereza vilivyojaribu mpango huo katika kliniki za kawaida viliripoti mwaka 2012 kwamba maumivu hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, kuhusu fiziotherapia yanasema njia hizi zinaweza kusaidia, lakini uhakika wa ushahidi ni mdogo. Tusifiche hilo. Ila tofauti yake na tiba nyingine ni kwamba zoezi likishindwa, mgonjwa hapotezi ini, figo wala shamba.

Kipimo cha mazoezi ni uvumilivu wenye mpango. Kuusogeza mkono mpaka mgonjwa alie ni ukatili usio na faida iliyothibitika kwa wote. Kungoja maumivu yaishe ndipo aanze ni kungoja daima. Kiasi kidogo kila siku, kikiongezwa kwa ratiba, hushinda juhudi za siku njema moja zinazolipwa kwa siku tatu mbaya.

Hapa familia huwa tiba au kizuizi. Ndugu wanaosema "acha, tutakufanyia" wanasema kwa upendo, na upendo huo huukausha mkono. Afadhali mama apewe kazi ndogo ya kweli, kama kuchambua mchele, kukunja nguo au kushika kikombe, bila kupokonywa wala kuharakishwa. Nguzo ya saikolojia huanzia hapo: kulala vizuri, kupunguza hofu, kurudi polepole kwenye kazi na ibada, na kuaminiwa. Penye huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru, mtaalamu wa afya ya akili aitwe mara moja.

Dawa: kusaidia mazoezi

Kazi kubwa ya dawa katika CRPS ni kumfungulia mgonjwa nafasi ya kusogea. Ikipunguza maumivu bila mkono kuanza kazi, imefanya nusu ya kazi yake.

Amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku ni nafuu, hupatikana kwingi, na huleta usingizi. Gabapentini na pregabalini hutumiwa sana pia. Zote tatu zimeazima ushahidi kutoka kwenye maumivu mengine ya neva. Kwa CRPS yenyewe ushahidi ni mwembamba. Zijaribiwe kwa muda uliowekwa, na zisipoleta tofauti zipunguzwe taratibu mpaka ziachwe. Tramadoli na mofini hazina msingi mzuri kwa maumivu haya ya muda mrefu, na mwili huzizoea haraka.

Steroidi zina nafasi yake mwanzoni, mkono ukiwa bado wa moto na umevimba. Katika utafiti wa Lucknow, India, uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 60 waliopata CRPS baada ya kiharusi waligawanywa: nusu walipewa prednisoloni, nusu piroksikami. Kwenye kundi la kwanza 25 kati ya 30 walipata nafuu, kwenye la pili 5 tu. Prednisoloni ni dawa ya bei ndogo, lakini hupandisha sukari na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo isinunuliwe kwa ushauri wa jirani.

Bisfosfoneti, dawa za kuimarisha mifupa, zina baadhi ya majaribio yanayotia moyo zaidi. Italia imeidhinisha mojawapo, neridroneti, baada ya jaribio la wagonjwa 82 lililochapishwa mwaka 2013. Walengwa ni wale walioanza kuugua karibuni. Dawa hizi hudai figo nzima, kalisi ya kutosha na tahadhari ya taya na umio.

Kinga ya mwili ni mfano wa tumaini lililopimwa likapungua. Tafiti ziliona kingamwili zinazohusiana na ugonjwa huu kwa baadhi ya watu, na jaribio dogo la kuwapa dripu ya kingamwili kutoka kwa wachangia damu likapendeza. Jaribio kubwa zaidi la Uingereza, la wagonjwa 111, likaonyesha mwaka 2017 kwamba dozi ndogo ya dripu hiyo haikuishinda dawa ya bandia, yaani ile isiyo na kiambato cha tiba.

Vitamini C nayo ina hadithi ya namna hiyo, ila kwa upande wa kuzuia. Mwaka 1999 Zollinger na wenzake wa Uholanzi waliripoti kwamba waliovunjika kifundo cha mkono wakapewa vitamini C, 7% walipata ugonjwa huu dhidi ya 22% ya waliopewa dawa ya bandia. Utafiti wao wa mwaka 2007, wenye watu 416, ulipata 2.4% dhidi ya 10.1%, na dozi ya miligramu 500 kwa siku 50 ikasambaa duniani. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh walijaribu kwa watu 336 na hawakuona tofauti. Kwa bei na usalama wake, daktari anayeiandika hakosei. Anayeitegemea peke yake anajidanganya.

Sindano, mashine na kisu

Sindano za kuzima neva za simpathetiki bado hutolewa kwingi. Mapitio ya Cochrane hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinaleta nafuu ya kudumu, na guanethidini, iliyowahi kudungwa mshipani huku mkono umefungwa kamba, haikuonyesha faida. Mgonjwa mmoja mmoja hupata saa au siku za unafuu. Zikitumika kuanzisha mazoezi zina maana, zikirudiwa mwezi baada ya mwezi bila mazoezi ni gharama tupu.

Ketamini ilijaribiwa Leiden kwa wagonjwa 60, ikitiririshwa mshipani kwa siku nne. Ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha maumivu yalipungua kwa wiki kadhaa, lakini kufikia wiki ya 12 faida ilikuwa imekwisha, na uwezo wa kutumia kiungo haukuongezeka. Dawa hii ipo katika vyumba vyetu vya upasuaji, jambo linaloifanya ivutie. Dozi za kurudia zinaweza kuumiza ini na kibofu.

Mashine ya kusisimua uti wa mgongo ina ushahidi bora kuliko sindano. Jaribio la Kemler na wenzake huko Maastricht, lililochapishwa mwaka 2000 kwa wagonjwa 54, lilionyesha nafuu ya wazi ndani ya miezi sita. Baada ya miaka mitano tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia kiasi cha kutohesabika kitakwimu, ingawa wengi wa waliopandikizwa walisema wangekubali tena. Mashine hiyo inahitaji upasuaji, betri na timu ya kuirekebisha maisha yote, kwa hiyo hata inakopatikana hubaki kwa wachache walioshindwa na njia nyingine.

Kukata kiungo ni mlango wa mwisho, na nyuma yake mara nyingi maumivu yapo. Ripoti ya Uholanzi ya mwaka 1995 ilionyesha ugonjwa ukirudi kwenye kigutu kwa sehemu kubwa ya waliokatwa. Hukubalika kwa nadra, kama vile pale penye maambukizi yasiyotibika. Anayekwenda kuomba akatwe mara nyingi anaomba asikilizwe kwanza.

Hali ya Afrika Mashariki

Vianzio vya ugonjwa huu kwetu ni rahisi kuvitaja: bodaboda, kuanguka kutoka kwenye mwembe au mnazi, ngazi za majengo, na kiharusi cha shinikizo la damu. Wodi za mifupa za Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala zinajua idadi ya mifupa inayoungwa kila wiki. Mfumo wetu umejengwa kuuhudumia mfupa. Plasta ikikatwa na picha ikiwa safi, faili hufungwa. Na ni hapo hasa CRPS inapoanza kuonekana.

Pengo hilo hujazwa na maelezo mengine. Mguu ukivimba bila kidonda, ndugu husema amekanyaga kitu. Mgonjwa huzungushwa kwa waganga, huchanjwa chale juu ya ngozi ambayo haivumilii hata shuka, na hufungwa kwa kukazwa. Fundi wa kuunga mifupa wa kijijini anaaminika na yuko karibu kuliko kliniki, na kumkejeli hakutasaidia. Inafaa afundishwe mambo mawili: vidole viachwe huru vikichezeshwa tangu siku ya kwanza, na mkono unaowaka au kufa ganzi upelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wataalamu wa fiziotherapia tunao. Hospitali ya KCMC ya Moshi na vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC nchini Kenya huwafundisha. Wengi hujikusanya katika hospitali za rufaa, na mgonjwa wa Liwale au Turkana hana nauli ya kuwafuata mara tatu kwa wiki. Lakini mpango wa CRPS hauhitaji mgonjwa alale kliniki. Unahitaji somo moja zuri, karatasi yenye michoro, kioo, na simu ya kumuuliza amefikia wapi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufanya ufuatiliaji huo.

Tiba ya maumivu katika eneo letu ina historia ya kujivunia. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilionyesha kwamba mofini ya maji inaweza kutengenezwa kwa bei ndogo na kumfikia mgonjwa wa saratani nyumbani kwake. Funzo la kuchukua hapo ni utaratibu wake wa kumfuata mgonjwa alipo. Dawa yenyewe haifai kwa CRPS.

Kuna pia haki ya kazi. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015. Mfanyakazi mwenye eksirei safi na mkono usiofunga ngumi ni rahisi kuonekana mvivu. Daktari aandike kwenye faili vigezo vya Budapest kimoja kimoja, joto, mzingo wa kifundo na nyuzi za mkunjo wa vidole, kwa tarehe. Maandishi hayo ndiyo ushahidi wa mgonjwa asiye na picha ya kuonyesha.

Hukumu

Tukiuweka ushahidi wote mezani, hakuna tiba ya CRPS inayoweza kujisifu. Pale uhakika unapopungua, busara ni kuanza na kisichodhuru, kinachoendana na tunachojua kuhusu mwili, na kinachomudika: maelezo, mwendo, dawa chache kwa muda maalumu, na kumwamini mgonjwa. Sindano na mashine zingoje zamu yake.

Kwa hospitali, maombi ni matatu. Kila aliyevunjika kifundo aulizwe kiwango cha maumivu yake wiki ya kwanza, na anayejibu 5 au zaidi aangaliwe plasta yake na aitwe tena mapema. Kila plasta ikikatwa, mikono yote miwili iwekwe mezani ilinganishwe. Na hakuna anayeondoka bila kuonyeshwa zoezi la vidole.

Nawe uliyefungwa plasta, au unayemuuguza aliyefungwa: chezesha vidole tangu leo. Vikifa ganzi, vikipoa, vikibadilika rangi au maumivu yakizidi kila saa, nenda hospitali usiku huo huo. Plasta ikitolewa na mkono ukaendelea kuwaka, usiupumzishe ukingoja upoe. Rudi, taja jina CRPS, na udai mtaalamu wa fiziotherapia. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi.